Fundi Makochi na Santuri ya Viti Visivyofanana

Ndugu, jamaa na majirani, mnaombwa mkae vizuri. Marehemu maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuwakalisha watu, na si heshima kumsindikiza mmesimama kwa mguu mmoja kama mnaosubiri zamu ya choo. Wasifu huu una pande mbili, na hakuna ruhusa ya kuondoka baada ya ule wa kwanza. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumbani kwake na leo bado ni sheria. Binti yake mwalimu alitaka auandike yeye, kwa Kiswahili cha shuleni, lakini kalamu ilinyakuliwa na mjomba wa watoto, kaka wa mjane, aliyeishia darasa la saba na ambaye kwa sauti ya kusomea watu ukoo huu bado haujampata wa kumfikia. Mtavumilia.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mchochea tanuri na mama mfua mashuka ya hospitali. Vumbi la kiwandani lilikuwa jekundu na halikuchagua mtu. Jioni ikifika, watoto wa safu ile yote ya nyumba walikuwa wa rangi moja, na akina mama waliwatambua kwa masikio. Mama yake alipenda kusimulia kwamba siku moja alimwogesha mtoto mpaka akatakata, ndipo akagundua ni wa jirani. Akamlisha kwanza, akamrudisha kwao, kisha akaenda kumtafuta wake. Marehemu akiulizwa kama kisa hicho ni cha kweli, alikuwa akijibu kwamba hana hakika kama hakuwa yeye yule aliyerudishwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia Januari 1956 hadi Desemba 1962. Hesabu hazikumpenda naye hakuzibembeleza. Lakini mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa na kiti kilichopasuka, kinachombana mahali ambapo mwalimu hawezi kupataja mbele ya wanafunzi. Siku moja ya baridi kijana akarudi nyumbani anatetemeka, bila sweta. Mama yake akamuuliza sweta liko wapi.

"Liko kazini," akajibu.

Alikuwa amelishindilia ndani ya kiti cha mwalimu na kukishona kwa kamba ya kiatu. Alichapwa, na kesho yake akaenda shuleni akitetemeka tena, hakulichomoa. Mwalimu alilikalia sweta hilo mpaka alipostaafu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba huyu akishakata shauri, hata umtie kwenye friji hageuki.

Mwaka 1964 aliingia karakana ya makochi iliyokuwa chini ya duka la vitambaa, kazi yake kufagia vipande vya sponji. Kwa vile hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kuchungulia. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshika sindano iliyopinda na anashona mshono wa siri, ule unaokutanisha vitambaa viwili bila uzi kuonekana. Alipofungua karakana yake mwenyewe, tarehe 1 Aprili 1980, alipata sifa kwa makochi ya mabaki: mkono wa mahameli, mgongo wa mistari, kikalio cha maua. Watu walikuja kuyacheka, wakayakalia kwanza ili wacheke vizuri, wakaondoka nayo. Alikuwa akisema vitambaa havigombani, yanayogombana ni macho ya mteja. Shemeji yake, huyu msomaji, alinunua moja kwa kejeli mwaka 1986 na mpaka leo analilalia mchana.

Tufike sasa kwenye jambo lililomfanya awe yeye.

Mwezi Oktoba 1974 kinyozi aliyekuwa mkabala na ile karakana ya kwanza alifunga duka, akatandaza vitu vyake barazani: vioo, mikasi, gramafoni moja na santuri moja tu. Marehemu hakuwa mtu wa muziki. Alichokiona ni ganda la santuri. Lilikuwa na picha ya meza ndefu iliyozungukwa na viti, na hakuna kiti kilichofanana na mwenzake: kiti cha mahameli, kigoda, benchi la kanisani, kiti cha shule, kiti cha kinyozi, hata kiti cha kufumwa kilichotoboka katikati. Alisimama akivikagua kimoja kimoja, hiki kinataka springi, kile kinataka gundi. Kinyozi akamweleza kwamba huo ni muziki wa roki, wa vijana wa mbali wenye nywele ndefu ambao kila kinyozi duniani anawaombea mabaya. Akaongeza jambo moja, kwa uaminifu wake: santuri ina kovu upande wa pili.

Akaibeba nyumbani pamoja na gramafoni. Tangu siku hiyo santuri ile iliitwa Viti, na wengi mlioko hapa hamjawahi kujua ina jina jingine.

Kwa faida ya wale wachache waliowahi kuponea mlangoni, Viti ina nyimbo saba. Wa kwanza ni gitaa la umeme linalonguruma kama lori la vyuma linalopanda mlima. Wa pili ni jazi, saksafoni inanung'unika na tarumbeta inaikatiza maneno, kama mke na mume waliozoeana. Wa tatu ni bluzi: mtu mmoja, gitaa moja, malalamiko chungu nzima. Wa nne unafunga upande kwa kinanda cha kanisani, taratibu kabisa, na marehemu siku ile ya kwanza alijikuta amevua kofia peke yake chumbani. Akageuza. Upande wa pili ukaanza kwa rumba ya kutikisa mabega. Kisha ukaja wimbo wa sita, mrefu, wa kwaya ya wanawake. Sauti zao zilipanda ngazi moja baada ya nyingine, zikafika juu kabisa, pale unapojua kuna kitu kinakuja, na papo hapo sindano ikaruka. Tak. Ilipotua, wanawake walikuwa wameshashuka na wanapiga makofi. Wimbo wa saba ni gitaa kavu na sauti ya mvua, basi.

Mtu mwingine angesema amepata nyimbo sita na nusu zisizojuana. Marehemu aliirudia mpaka jirani akagonga ukuta, na akatoka humo na msimamo mmoja alioushikilia kwa miaka arobaini na saba. Alisema nyimbo zile ni ndugu. Zimetofautiana mavazi tu, lakini zina pua moja. Alihisi kuna mahali zote zinakutana, na mahali hapo ni pale kwenye kovu. Akaapa kwamba hatakufa kabla hajasikia kilichomo.

Katikati ya mwaka 1975 alipeleka posa kwa mzee mpiga kinanda wa kanisa, baba yake mjane na baba yake msomaji. Walikuwa wamefahamiana alipokwenda kukarabati benchi la kinanda, akakuta binti wa mzee anaimba sauti ya pili huku akimcheka kwa misumari aliyokuwa ameijaza mdomoni. Mzee alikuwa mkali. Noti mbovu aliisikia hata ikiwa nyumba ya tatu, na muziki wa magitaa ya umeme aliuita ugonjwa. Ndugu wa bwana harusi mtarajiwa walimshauri aje na zawadi na maneno matamu. Yeye alikuja na gramafoni mgongoni.

Mzee alisikiliza upande wa kwanza akiwa amevaa kofia, uso ameukunja kama bahasha. Kwenye wimbo wa nne alitikisa kichwa kidogo, kisha akainuka aende zake. Kijana akasimama mlangoni.

"Mzee, hauachwi upande mmoja," akasema.

Kaka wa binti alishajisogeza pembeni kuupisha mkono wa mzee. Mzee akamtazama kijana, akautazama mlango, akakaa. Upande wa pili ukapigwa. Kwaya ilipopanda, mkono wa mzee ukapanda nao, vidole vikihesabu, na sindano iliporuka ule mkono ukabaki hewani hauna pa kutua.

"Kijana," akasema baadaye, "hawa si ndugu. Hawa ni abiria. Wamepanda pamoja na kila mmoja anashuka kwao."

"Ni ndugu, mzee. Ni kwamba bado sijamwona bibi yao."

"Na huyo bibi yuko wapi?"

"Yuko kwenye kovu."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Usiku huo alimwambia mkewe kwamba mtu anayeweza kutetea santuri mbovu kiasi hiki, hawezi kumwacha mke. Ndoa ilifungwa Jumamosi, tarehe 22 Novemba 1975, na mzee mwenyewe alipiga kinanda, bila makosa, kama alivyohakikisha kila mtu anajua.

Lakini ubishi haukuisha. Kila Jumapili alasiri mzee alikuja kwa mkwewe, Viti ikapigwa pande zote mbili, na ikifika kwenye kovu mmoja anasema ndugu, mwingine anasema abiria. Mzee alitunga hata kipande chake cha kinanda cha kuzibia pale. Marehemu akakisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Baba, umemtia bibi masharubu." Mwaka 1991, mzee alipolala kitanda cha mwisho, alimwita mkwewe karibu. Alimwambia siku atakapomwona huyo bibi yao aje amweleze, hata kama atamkuta amelala. Marehemu akaahidi. Mzee alizikwa humu humu makaburini, mstari wa pili kutoka hapa tulipokaa.

Nyumba ya marehemu ilianza na vitanda vidogo viwili. Mwezi Mei 1983 kaka yake na mke wa kaka walifariki pamoja katika ajali ya barabarani, na kabla ya wiki kwisha vitanda vilikuwa vitano. Wapo ndugu waliokuja na mipango ya kuwagawa watoto, huyu huku, yule kule. Marehemu aliwasikiliza, akawapa chai, akawaonyesha meza aliyokuwa amekwisha kuirefusha kwa mbao mbili. Viti vya kuizunguka alivitengeneza mwenyewe kwa mabaki, na hakuna kilichofanana na kingine. Wageni walipochungulia na kuuliza kwa chinichini wake ni wepi na wa marehemu kaka ni wepi, alikuwa na jibu moja: "Kaa nao mpaka upande wa pili uishe, halafu uniambie wewe." Hakuna aliyewahi kumwambia. Wasifu huu pia hautasema, na anayetaka kujua awachunguze pua.

Basi upande wa pili unaanza hapa. Wanaotaka kukohoa, wakohoe sasa.

Marehemu alilitafuta lile kovu, yaani santuri nyingine kama ile iliyo nzima. Alizunguka minada, aliandikia vituo vya redio, alifungua makochi ya kila mteja mzee akiuliza kwanza kama nyumbani hawana santuri. Miaka ikaenda, gramafoni zikawa mapambo, na mtoto wa mwisho, fundi simu, akaja na habari njema kwamba nyimbo zote za dunia sasa ziko kwenye simu, abonyeze tu. Baba yake akakataa katakata. Alisema hajamtafuta bibi wa watu muda wote huo ili aje kuitwa kwa kidole kimoja. Kijana akashikilia, akaleta orodha. Simu ilikuwa na nyimbo nne tu kati ya saba, wa sita ukiwa mmojawapo, na ilikuwa imezipanga kwa kufuata herufi. Marehemu alichukizwa kama mtu aliyekuta wageni wake wamekalishwa kwa kupimwa urefu. Siku moja kijana alijaribu kuupiga ule wa sita kupitia dirishani. Mzee mzima akajitia pamba za makochi masikioni, akaimba kwa sauti ya juu mpaka simu ikaisha chaji. Mkewe alimwambia ni mkaidi. Akajibu kwamba wakaidi ni wale wanaokubali robo ya kitu na kusema wameshakisikia.

Mwaka 2017 kifua kilianza kumbana. Vumbi la sponji na pamba la miaka zaidi ya hamsini lilikuwa limejijengea makao kwenye mapafu. Daktari alimkataza karakana, naye akatii kwa kuhamishia karakana sebuleni. Alishona vikalio akiwa na mpira wa oksijeni puani, na akimwona mkewe anakuja alikuwa akiificha sindano chini ya blanketi, mara mbili akaikalia. Pumzi zilipungua, maneno yakapungua, lakini kila Jumapili alasiri Viti ilipigwa pande zote mbili, na shemeji yake, akikikalia kiti cha hayati mzee, alihakikisha neno abiria linasemwa pale panapostahili.

Mwezi Februari 2021 binti wa kwanza, dereva wa lori, alipeleka shehena ya vigae kwenye mji wa mbali sana. Wakati wanamshushia mzigo, akaingia kwenye kibanda cha vitu vya zamani, kama alivyokuwa akiingia katika kila mji tangu apate leseni. Chini ya rundo la kalenda kuukuu akaona kona ya meza na mguu wa kiti cha kinyozi. Santuri ilikuwa nzima. Alirudi nayo imekaa kwenye kiti cha mbele, imeviringishwa blanketi na kufungwa mkanda, na utingo wake alisafiri nyuma na turubai. Njia nzima hakuisikiliza. Alisema haikuwa yake kutangulia.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wote kuzunguka ile meza. Fundi simu akashauri tuanzie wimbo wa sita kwa sababu ya hali ya mgonjwa. Mgonjwa akanyoosha kidole kwenye upande wa kwanza. Tukaanza mwanzo, lori likapanda mlima, mume na mke wakakatizana, mlalamikaji akalalamika, kinanda kikafunga. Mjane akageuza. Rumba ikaja ikapita. Wanawake wakaanza kupanda ngazi, na nawaambieni hata mtungi wa oksijeni ulisikika umepunguza kelele. Wakafika juu. Sindano haikuruka.

Lilikuja gitaa. Lile lile la wimbo wa kwanza, na tuni ile ile ya lori, ila sasa inakwenda polepole, kama mtu aliyekwisha kushusha mzigo na anaona taa za kwao. Kinanda kikaingia chini yake kikaibeba. Saksafoni na tarumbeta zikaitikia, na safari hii hakuna aliyemkatiza mwenzake. Yule wa bluzi akaja na gitaa lake bila lalamiko hata moja, ngoma ya rumba ikatembea chini ya miguu yao, na mwishoni wanawake wakavuma midomo imefungwa. Wote mezani, kila mmoja kwenye kiti chake. Halafu ndipo makofi. Miaka yote tulidhani wale wanawake wanajipigia makofi wenyewe. Kumbe walikuwa wanawapigia hao waliofika.

Shemeji yake, aliyekuwa na neno abiria tayari mdomoni, alilimeza na chai. Mjane ndiye aliyesema, na alisema taratibu:

"Ni ndugu."

Marehemu hakusema niliwaambia. Alipumua, akavuta pumzi nyingine ya kuongelea, akanyoosha kidole kwenye santuri ya zamani.

"Sasa weka ile yetu."

Mwanawe akamuuliza ile mbovu ya nini tena, na hii nzima ipo. Akasema hii ni ya kujulia, ile ndiyo ya kusikilizia. Ikawekwa. Kwaya ilipofika juu na sindano ikaruka, tak, marehemu alijaza mwenyewe pale palipokosekana, kwa mdomo, pumzi zikikatika na tuni ikiyumba kama baiskeli ya mlevi. Tangu siku hiyo aliwafundisha wajukuu kipande kile mmoja mmoja. Hakuna aliyepewa peremende kabla hajakipitia bila kukosea. Mtakaposikia watoto wadogo wa nyumba hii wakivuma kitu wanapofunga viatu, ndicho hicho.

Jumapili, tarehe 5 Juni 2022, alasiri, sebuleni kwake, upande wa kwanza wa ile santuri ya zamani ulifika mwisho. Mjane aliinuka ageuze. Alipotazama nyuma amuulize kama aongeze sauti, mumewe alikuwa ameshatulia, kofia ameivua na kuiweka gotini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Santuri haikugeuzwa. Imekaa vile vile hadi asubuhi ya leo.

Marehemu ameacha mjane mmoja, aliyemcheka tangu siku ya misumari na hajaacha. Ameacha watoto watano: dereva wa lori, mwalimu, mpaka rangi, mshonaji anayeendelea na karakana, na fundi simu. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, na shemeji mmoja mwenye sauti nzuri. Ameacha pia meza moja ndefu, na viti vyake vyote mmevikalia leo, ndiyo maana hamfanani.

Kaburi lake liko mistari miwili kutoka kwa mzee mpiga kinanda, kama alivyotaka mwenyewe. Ana habari ya kumpelekea, na aliahidi.

Gramafoni iko pale juu ya kigoda, imeungwa kwenye betri ya lori. Imewekwa santuri ya zamani, yenye kovu, na itapigwa upande wa pili, kwa sababu hauachwi upande mmoja. Wanawake watapanda ngazi, watafika juu, na sindano itaruka. Anayejua kilichokuwa pale, avume. Asiyejua, awasikilize watoto.

Fundi, umekalisha wengi. Sasa na wewe kaa, upumzike kwa amani.

Dereva, geuza santuri.